Miti Tuliyoikuta

Ukishuka kwenye basi mjini Bariadi saa saba mchana, mwezi wa Septemba, utatafuta kivuli kabla ya kutafuta maji, na karibu kila kivuli utakachokipata kina asili ya ng'ambo. Mwarobaini ulio mbele ya maduka kwao ni Bara Hindi. Mijohoro iliyopangwa mstari kwenye viwanja vya shule imetoka kusini-mashariki mwa Asia. Mkrismasi, unaotoa maua mekundu mwisho wa mwaka, ni wa kisiwa cha Madagaska. Mkaratusi ni wa Australia. Mpapai na mpera imevuka bahari kutoka Amerika, na mwembe, ambao hakuna mtu hapa anayeufikiria kuwa mgeni, ulikuja kutoka upande wa India. Mji umejipandia miti kwa mikono yake, na mikono hiyo imechagua wageni.

Silalamiki. Kwa mji kama huu mwarobaini hauna mpinzani: unavumilia jua, majani yake ni machungu kiasi kwamba mifugo haiyakimbilii, na ukikatwa unachipua tena. Chini yake fundi baiskeli huweka benchi, muuza maandazi huweka beseni, bodaboda hungoja abiria. Mti unaofanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka bila mshahara hauna haja ya kudaiwa cheti cha kuzaliwa.

Lakini ukitoka mjini kuelekea Lagangabilili, au ukaendelea hadi Mwanhuzi kule Meatu, unakutana na miti ya namna nyingine. Inasimama mmoja mmoja katikati ya mashamba: mbuyu hapa, mkwaju kule, mgunga kwenye mpaka. Katika shamba moja la pamba wilayani Itilima niliona mkwaju ambao plau ilikuwa imeuzunguka kwa adabu, ikauachia duara la nyasi. Nikamwamkia mwenye shamba, bibi aliyekuwa akipalilia pamoja na wajukuu wake, kisha nikamuuliza nani aliupanda mti ule. Akacheka. "Haujapandwa, mjukuu wangu. Tuliukuta."

Akaniambia kwamba ukwaju wake huingia kwenye uji, kwamba watoto hujaza mifuko wakienda machungani, na kwamba tangu aolewe pale hajaona mtu akiuinulia shoka. Nikainama kutafuta mche mchanga chini ya mti ule. Mbegu zilikuwa zimetapakaa, lakini mche sikuona hata mmoja. Unaoota mwezi wa Desemba hung'olewa na plau. Unaoponea plau huliwa na ng'ombe wanapoachiliwa mashambani baada ya mavuno. Mkwaju ule umeheshimiwa maisha yake yote, na bado hauna mrithi.

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe kwanza kishawishi cha kuwagawa wenyeji na wageni katika makundi ya wema na wabaya. Nchi hii haiwezi kugawanywa hivyo. Ukitaka kumkasirisha Msukuma, mwambie kwamba michembe si chakula chake. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi. Matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Vyote viwili vimevusha watu katika misimu mibaya, na vyote viwili vinatokana na mmea wa Amerika ya kitropiki. Karanga tunazoungia mboga ni za Amerika ya Kusini. Mahindi ni ya Mexico. Mpunga wa kwenye majaruba umetoka Asia, choroko India, dengu za kwenye mbuga nyeusi Mashariki ya Kati. Pamba nayo, ambayo kwayo mkoa wetu wa Simiyu unajulikana nchini kwa kutoa zaidi ya nusu ya mavuno ya taifa katika misimu mingi, ni ya ukoo uliofugwa Mexico na Amerika ya Kati kabla ya kufika kwetu.

Hata kamba anayofungiwa ndama ina safari ndefu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi elfu moja vya mkonge kutoka Florida, mmea ambao asili yake ni Mexico. Vilipofika Tanga vilivyokuwa hai ni 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yakatoka mashamba makubwa ya pwani, na kutoka huko katani ikasambaa bara, hata leo Usukumani inaota kando ya mipaka ya mashamba na maboma, ikikatwa na kusokotwa kila mwenye nyumba anapohitaji kamba.

Wenyeji nao hawana haki ya kujisifu moja kwa moja. Mtama, uwele, kunde zinazotupatia mboga ya nsansa, njugu mawe, yote hayo ni mazao ya Afrika, na yamelisha watu hapa kabla ya hindi la kwanza. Lakini kiduha naye ni wa Afrika. Ana ua zuri la zambarau, na chini ya ardhi anajishikiza kwenye mizizi ya mtama au mahindi na kunyonya mpaka shamba linadumaa. Mbegu zake ni ndogo za kupeperushwa na upepo, na huweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja mzizi upite karibu. Mkulima aliyepoteza nusu ya mavuno yake kwa kiduha hapati faraja yoyote kwa kuambiwa kwamba aliyemwibia ni ndugu.

Basi asili peke yake haitupi hukumu. Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine: namna tunavyomtazama aliyepandwa na namna tunavyomtazama aliyejiotea. Mti wa kigeni una mtu aliyeuleta. Ulitoka kitaluni, ulichimbiwa shimo, ulimwagiwa maji, pengine ulipigwa picha na kiongozi. Una mwenyewe. Mti wa asili hauna mtu wa kumshukuru wala wa kumdai. Tunauita pori. Tunauita kichaka. Na kichaka, katika fikra za maendeleo tulizolelewa nazo, ni kitu kinachongoja kufyekwa.

Fikra hiyo ina historia hapa. Katika miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliweka Shinyanga kazi kubwa ya utafiti wa mbung'o, ikiongozwa na C.F.M. Swynnerton. Mbung'o huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, na makao yake ni vivuli vya vichaka na misitu. Dawa iliyoonekana ya haraka ikawa kuondoa makao yake. Katika miaka hiyo na iliyofuata, watu walikusanywa kwa maelfu kukata na kuchoma miti, eneo baada ya eneo. Haukuwa wazimu: ng'ombe walipona, watu wakapata ardhi mpya, na familia nyingi za leo zinaishi mahali palipofunguliwa na mashoka yale. Lakini somo lililobaki vichwani lilikuwa zito kuliko lengo lenyewe. Vizazi viwili vilijifunza kwamba kukata pori ni kazi ya umma, na kwamba ardhi iliyo safi ni ardhi isiyo na mti.

Pamba ikaja juu ya somo hilo. Bei ikipanda, shamba linapanuliwa. Shamba likipanuliwa, visiki vinang'olewa ili plau isikwame. Ng'ombe wakaongezeka. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwaweka vijijini, na malisho waliyokuwa wakiyatunza nyumbani yakabaki mbali bila mlinzi. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, ulikuwa umevuliwa nguo, hata Mwalimu Nyerere akauita jangwa la Tanzania.

Kilichofuata ndicho kisa ambacho kila mtoto wa Simiyu angepaswa kukijua kabla ya kufundishwa habari za Sahara. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha za Serikali na msaada wa Norwei. Mwanzoni mradi ulifanya kile ambacho miradi yote hufanya: ulianzisha vitalu, ukaotesha miche, mingi ikiwa ya kigeni, ukaigawa. Watu wakapokea kwa heshima. Lakini wataalamu walipokaa na wazee na kuwauliza wao wenyewe walikuwa wakifanya nini zamani, jibu likawa ngitili.

Ngitili si shamba la miti. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikue bila kuguswa, kisha linafunguliwa kiangazi kinapobana, wakati majani kwingine kote yamekwisha. Zamani walioingizwa kwanza ni ndama, ng'ombe wagonjwa na wale wasioweza kutembea mbali. Kuna ngitili ya familia na kuna ngitili ya kijiji. Nyingi hazina uzio. Mpaka wake ni makubaliano. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hujibu mbele ya dagashida, mkutano wa jamii, na hutozwa faini. Sheria ya dagashida haikuandikwa kwenye gazeti la Serikali, lakini kila mchungaji aliijua, na sungusungu walikuwepo kumkumbusha aliyejifanya ameisahau.

Lengo lilikuwa majani ya ng'ombe. Miti ilikuja yenyewe. Chini ya ardhi iliyoitwa jangwa mizizi ya migunga ilikuwa bado hai, na visiki vilivyokatwa miaka mingi nyuma vilikuwa vikichipua kila msimu na kuliwa kila msimu. Vilipoachwa misimu michache, vikawa vichaka. Vichaka vikawa miti. Hakuna aliyechimba shimo. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta inayosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Ndani ya ngitili hizo wanawake walipata kuni karibu na nyumbani, waganga wakapata mizizi na magome, wajenzi wakapata fito na nyasi za kuezekea, na nyuki wakarudi.

Ninapokisoma kisa hiki ninaona kwamba wazee hawakuwa na ujuzi wa kupanda uliotuzidi sisi. Walikuwa na ujuzi wa kujizuia. Na kujizuia ni kazi. Mtu asiyefuga hawezi kuelewa ugumu wa kuona ng'ombe wake wakikonda mwezi wa Julai huku majani yamesimama kiunoni ng'ambo ya njia, akaendelea kungoja kwa sababu mkutano ulisema Agosti.

Kwa nini basi nisiseme tu kwamba miche ya kigeni haina maana, tuache kila kitu kiote? Kwa sababu kisa kina upande mwingine, na upande huo unaonekana vizuri ukiinama karibu na mti mmoja mdogo.

Kwenye mbuga za udongo mweusi, kuelekea Meatu na mipaka ya Serengeti, kuna mgunga mfupi wenye miiba mirefu myeupe. Chini ya baadhi ya miiba yake pana vinundu vyeusi, vigumu, vyenye matundu madogo. Upepo ukipita kwenye matundu hayo mti unapiga mluzi. Ukitikisa tawi, sisimizi wanamiminika kutoka ndani ya vinundu na kukupanda mkononi kabla hujaamua kama utaondoka. Mti umewapa nyumba na utamu, wao wanaulinda. Twiga hula kidogo na kuhama. Tembo, ambaye anaweza kuung'oa kwa mkonga, hataki sisimizi puani. Hivi ndivyo mti wa urefu wa mtu unavyoishi katika nchi ya tembo.

Laikipia, Kenya, mkataba huo umevunjwa. Ameingia sisimizi mwenye kichwa kikubwa, anayedhaniwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi, akaua wale wa asili na kuuacha mti bila ulinzi. Tembo wakavunja miti. Uwanda ukawa wazi, simba akakosa pa kujificha anapomnyemelea pundamilia. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2003 na 2020 sehemu ya pundamilia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, huku nyati, ambao hapo mwanzo hawakuonekana kabisa katika mawindo hayo, wakifikia asilimia 42. Mdudu asiyefika nusu ya ukucha amembadilishia simba chakula. Huyu ni mgeni wa kuogopwa, na hakuletwa na mtu kwa makusudi.

Tunaye na wa kwetu. Wakazi wa Busega, wanaopakana na Ghuba ya Speke, wanayajua magugu maji: mmea wa Amerika ya Kusini wenye ua la kupendeza, uliofika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunga mialo hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Uliopunguza nguvu zake ni mkono wa mgeni mwingine, fukusi wadogo kutoka huko huko Amerika ya Kusini, walioachiliwa ziwani katika miaka ya 1990. Gugu karoti nalo, la Amerika pia, limekwisha kusumbua Arusha, na barabara zinazotoka huko zinafika kwetu. Mbegu husafiri kwenye matope ya matairi na kwenye manyoya ya mifugo inayohamishwa. Anayependa miti ya asili hana budi kuwa mkali kwa wageni wa namna hii, awang'oe kabla hawajatoa mbegu.

Na mkaratusi je? Kwa mkulima anayetaka nguzo na fedha ya ada ndani ya miaka michache, hakuna mti wa asili utakaomjibu kwa kasi hiyo. Kumhubiria kuhusu mninga ni kumpotezea muda. Lakini mahali pa mkaratusi si kando ya kijito kinachokauka kila Agosti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 za hifadhi kutoka kwenye chanzo cha maji. Mkaratusi ukipandwa kwenye kiraka cha familia, mbali na kisima, ni mtumishi mzuri. Ukipandwa bondeni kwa sababu huko ndiko unakostawi haraka, unakuwa mdai.

Kwa hiyo kipimo changu hakiulizi mti umetoka wapi. Kinauliza majirani zake wanaishije. Mwarobaini wa mbele ya duka haukumfukuza mtu. Katani ya mpakani inafunga ndama. Magugu maji yalifunga ziwa. Kiduha anamnyonya aliyempokea. Mkwaju wa shambani unalisha watoto wa kila anayepita, na hauna mtoto wake hata mmoja aliye hai.

Hapo ndipo mipango yetu ya miti inapokosea hesabu. Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na kila tarehe 1 Aprili ni Siku ya Upandaji Miti. Mashimo yanachimbwa, miche inagawiwa, idadi inapelekwa wilayani. Ni jambo jema, na mingi ya mijohoro inayotupa kivuli leo ilitokana na kampeni za namna hiyo. Lakini fomu inauliza mingapi imepandwa. Haiulizi mingapi ilikuwa imejiotea mahali pale pale na ikafyekwa ili kupisha mashimo. Ofisa anayeripoti miche 10,000 anasifiwa ingawa kiangazi kitaimaliza; mwenyekiti aliyezuia watu wasiingie kwenye ngitili ya kijiji kwa miaka mitano hana safu ya kujaza.

Wakati huo huo ngitili zinapungua. Watoto wanagawana ardhi, kipande cha kila mmoja hakitoshi kuacha malisho. Wengine wameona ni faida zaidi kukodisha majani kwa mwenye ng'ombe wengi, au kulima kabisa. Mkaa unahitajika mjini. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mpaka gesi ifike kila jiko la Gambosi na Dutwa huku kwetu, jiko hilo litaendelea kula migunga.

Dodoma, ambako ukame ni mkali kuliko wetu, wakulima wamelirudia somo hili la kuacha visiki vichipue kwa jina la Kisiki Hai. Mkulima anatembea shambani, anatafuta kisiki kinachochipua, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anafunga kitambaa cha kuonyesha kwamba kisiki hicho kinalindwa, kisha analima pembeni. Hakuna mche ulionunuliwa. Nchini Niger mbinu ya aina hiyo, iliyoanza kuenezwa katika miaka ya 1980, imerudisha miti kwenye mamilioni ya hekta za mashamba. Usukumani hatuhitaji kuagiza maarifa hayo kutoka Niger wala Dodoma, kwa kuwa babu zetu waliyatumia kwa ng'ombe. Linalobaki ni kuyaleta kwenye shamba la pamba, ili plau inayouheshimu mkwaju mzee ijifunze kukwepa na ule mchanga.

Ombi langu kwa viongozi wa vijiji vya Simiyu ni moja. Aprili Mosi ijayo pandeni, na pandeni mnachotaka: mwarobaini shuleni, mwembe nyumbani, mkaratusi mbali na kijito. Lakini siku hiyo hiyo isomwe mbele ya mkutano hesabu ya pili: ngitili ngapi bado zipo kijijini, nani anazilinda, na visiki vingapi vimewekewa alama mashambani visiguswe. Hesabu hiyo haina gharama ya kitalu wala ya usafiri wa miche, na dagashida ya kuisimamia tunayo tayari.